JOY ADAMSON: KABLA YA SIMBA KULIKUWA NA MAUA

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, nikilitaja jina la Joy Adamson, wengi wenu mtasema, ah, yule mama wa simba Elsa! Ni kweli. Lakini kabla ya simba kulikuwa na maua.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Alikuja Kenya mwaka wa 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Huyo ndiye aliyembandika jina la Joy.

Wataalamu wa mimea huikausha ili waichunguze. Shida ni kwamba ua likikauka, rangi yake hupotea. Basi Joy akashika brashi. Ilibidi achore ua likiwa bado bichi, kila jani na kila kikonyo vile kilivyo, bila kulipamba. Hata mlima wetu huu, tunaouona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, aliupanda akachora mimea ya huko juu kwenye baridi kali. Mwaka wa 1947 alituzwa nishani ya dhahabu ya Grenfell huko Uingereza kwa picha zake za maua.

Mwaka wa 1944 alikuwa ameolewa na George Adamson, msimamizi wa wanyama wa porini huko Isiolo. Kisha mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha. Hapo mimi nilijiuliza: si wakoloni haohao waliowafanya wazee wetu wayaache mavazi hayo? Hata hivyo, bila picha zile, mengine tusingeyajua kabisa leo.

Elsa alikuja mwaka wa 1956, na kitabu cha Born Free kikatoka mwaka wa 1960. Dunia nzima ikamjua Joy kwa simba, maua yakasahauliwa. Aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980. Mwanzoni watu walidhani ni simba, kumbe ni mtu. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa.

Wenzangu, hebu tujiulize. Mgeni alitoka mbali akaketi chini kulitazama ua letu mpaka akalijua. Sisi tunayakanyaga kila siku tukija shuleni! Nyanya zetu wanajua jina na dawa ya kila mti. Wakienda nayo, tutamwuliza nani? Tuchukueni kalamu tuwaulize sasa, tuandike na tuchore. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.