Mwenye Jina na Mwenye Kazi

Rafiki yangu mmoja wa hapa Mombasa anayo MGB, lile gari dogo la kifahari la Waingereza la miaka ya 60. Lilianza kula matairi ya mbele upande wa nje, basi akalipeleka kwa fundi mzee, nami nikafuatana naye. Fundi hakuwa na mitambo. Alivuta uzi ubavuni mwa gari, akapima kwa rula, akalegeza nati na kuzungusha vyuma viwili vya usukani, kulia na kushoto kwa kiasi kimoja, hata magurudumu yakakaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma kwa kadiri ya milimita 2. Nikamwuliza, je, pembe za kupinda kona nazo huziweka vipi? Akanijibu kuwa hizo hazigusi, zimo katika umbo la mikono ya chuma, nazo ni za Ackermann.

Jina hilo nilikuwa nikilijua kwa jambo jingine kabisa, la vitabu na picha.

Rudolph Ackermann alizaliwa mwaka 1764 huko Stollberg, katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Alijifunza kushona matandiko ya farasi, kisha akawa mchoraji wa magari ya farasi. Akahamia London, na mwaka 1795 akafungua duka la picha katika barabara ya Strand. Hapo ndipo alipopata utajiri. Alichapisha vitabu vya picha za jiji, na toka 1809 akatoa jarida la sanaa na mitindo lililoishi miaka 20. Jemadari Nelson alipozikwa mwaka 1806, gari lililochukua jeneza lake lilichorwa na Ackermann.

Magari ya siku hizo yalikuwa na ila moja kubwa. Ekseli ya mbele iligeuka nzima juu ya pini moja ya katikati, kama mlango juu ya bawaba. Kona ikiwa kali, magurudumu huingia chini ya gari, na gari hubaki limesimama kama juu ya mafiga matatu. Kidogo tu likapinduka na watu wake. Fundi mmoja wa Munich, Georg Lankensperger, aliipatia dawa: kila gurudumu na pini yake, na chuma kimoja cha kuyaunganisha. Gurudumu la ndani ya kona, ambalo njia yake ni fupi, likapinda zaidi kuliko la nje.

Lankensperger alihitaji wakala London. Akamwendea Ackermann, na mwaka 1818 hataza ikaandikishwa kwa jina la wakala. Ackermann hakuiba, wala hakuficha kuwa kazi ilitoka kwa mwenziwe. Aliitetea mpaka akaitolea kijitabu, lakini waundaji wa magari wa Uingereza waliikataa. Tena tabibu Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, alikwisha kubuni mfano wake miaka kama 60 kabla. Na mwaka 1878 Mfaransa Charles Jeantaud ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuilaza ile mikono ya chuma ielekee katikati ya ekseli ya nyuma. Wafaransa mchoro huo huuita wa Jeantaud. Kwingineko ni Ackermann, Ackermann tu.

Sisi watunzi twaujua uchungu huu. Shairi hutungwa na mmoja, likasomwa harusini na mwenye sauti nzuri, na kesho yake mji mzima walijua kuwa ni lake msomaji. Naye msomaji pengine hana kosa.

Ackermann alifariki mwaka 1834, zaidi ya miaka 50 kabla ya gari la petroli kuonekana barabarani.

Nilipomsimulia fundi habari hii, alifuta mikono akaniomba nimwandikie jina la yule wa Munich. Nikamwandikia nyuma ya risiti, kwa herufi kubwa.