Wichterle: Mvumbuzi wa lenzi laini za macho
Na Mwandishi Wetu, Kilwa

AVAAYE lenzi laini za macho, awe Kilwa Masoko au London, hunufaika na uvumbuzi wa mkemia Otto Wichterle, aliyezaliwa mwaka 1913 mjini Prostějov, sasa Jamhuri ya Czech.

Krismasi ya mwaka 1961, akiwa nyumbani, alizitengeneza kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. Mwaka 1970 aliondolewa ukurugenzi kwa kuunga mkono mageuzi ya 1968. Alifariki dunia mwaka 1998.

Lenzi hizo ni laini kwa kuwa hufyonza maji. Zikisuuzwa kwa maji ya kisima, bomba au bahari, huweza kubeba hadi jichoni vimelea vinavyopofusha. Mvaaji hunawa kwa sabuni, hukausha mikono, kisha huzisugua na kuzisuuza kwa dawa yake maalumu pekee.