Max na Dave: Ndugu Wawili Waliotuletea Popeye

Likizo hii ya Agosti mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa kwa bibi yake. Mimi ndiye ninayeishi na mama, kwa hivyo mgeni huyo wa miaka 9 akawa wangu. Kila baada ya Isha alikuwa akijikunja pembeni na simu, akitazama katuni za siku hizi ambazo mimi sioni mwanzo wala mwisho wake. Usiku mmoja nikamwambia aiweke simu chini, nimuonyeshe katuni tulizotazama mimi na babake tukiwa rika lake.

Nikamfungulia Popeye. Si Popeye yeyote, ni ile filamu ya mwaka 1936 anapokutana na Sindibadi Baharia. Sisi tuliitazama mwishoni mwa miaka ya themanini kwa jirani aliyekuwa na mashine ya video, watoto kumi na tano tumebanana kwenye mkeka mmoja. Kaka yangu alikuwa akinishikia nafasi mbele kwa sababu mimi nilikuwa mdogo na nilikuwa sioni.

Yule mtoto alicheka hata bibi yake akaja kuuliza kuna nini. Ilipokwisha akataka kurudia tangu mwanzo, na safari hii akasoma majina yanayoandikwa kwenye kioo. Akaona Max Fleischer, kisha Dave Fleischer. Akaniuliza kama hao ni ndugu. Nikamwambia naam, ni ndugu wa tumbo moja. Akataka kujua habari zao, na mimi nikaanza kumsimulia bila kujua ninajitia wapi.

Max alizaliwa mwaka 1883 huko Kraków, mji ulio Poland ya leo, katika familia ya Kiyahudi. Babake alikuwa fundi wa kushona nguo. Mtoto akiwa na miaka minne hivi familia ilihamia Marekani, wakakaa New York. Dave alizaliwa huko mwaka 1894, kwa hivyo Max alimzidi mdogo wake miaka 11. Biashara ya baba haikudumu, na vijana walilazimika kujitafutia mapema. Max aliingia gazeti la Brooklyn Daily Eagle kama mtoto wa kutumwa, akapanda hadi akawa mchoraji. Baadaye akafanya kazi katika jarida la Popular Science, na hapo mapenzi yake mawili, kuchora na mashine, yakakutana.

Wakati huo katuni zilikuwa zikitikisika tikisika, mtu akitembea utadhani ana homa. Max akabuni chombo cha kuondoa ila hiyo. Kwanza unampiga mtu picha za sinema akicheza, kisha unaiangaza kila picha kwenye kioo na kuifuatiliza kwa kalamu, moja baada ya moja. Chombo hicho kinaitwa rotoskopu, na alipata hataza yake mwaka 1917. Mtu wa kwanza kupigwa picha alikuwa Dave, amevaa nguo za mchekeshaji, anarukaruka juu ya paa. Ndugu wengine nao wakasaidia. Kazi ile ya mwanzo, filamu ya muda mfupi sana, iliwachukua karibu mwaka mzima. Mchekeshaji yule wa paani akawa Koko, anayetoka kwenye kidau cha wino na kumsumbua mchoraji wake.

Mwaka 1921 Max na Dave wakafungua kampuni yao. Max alishika biashara na uvumbuzi, Dave akashika uongozaji na vichekesho. Wao ndio waliobuni ule mpira mdogo unaoruka juu ya maneno ya wimbo ili watu ukumbini waimbe pamoja, miaka ya ishirini hiyo, kabla ya mtu kuota karaoke. Mwaka 1930 wakamtoa Betty Boop. Mwaka 1933 wakamchukua Popeye, baharia aliyebuniwa na mchoraji E. C. Segar kwenye magazeti mwaka 1929, wakamfanya atembee na kuzungumza. Nguvu zake za spinachi zikavuma kiasi kwamba mwaka 1937 mji mmoja wa wakulima wa spinachi huko Texas ulimsimamishia sanamu. Mama zetu hapa nao hawakubaki nyuma. Ni mchicha kiasi gani tumemezeshwa kwa jina la Popeye!

Ile filamu ya Sindibadi ni ya dakika 16 hivi, tena ya rangi. Ukiitazama vizuri utaona mapango na miamba inazunguka nyuma ya Popeye kama vitu vya kushikika. Ni kwa sababu vilikuwa vya kushikika kweli. Walijenga vijumba na majabali madogo juu ya meza inayozunguka, wakaiweka michoro mbele yake na kupiga picha. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, ikashindwa na kazi ya Disney. Ikafuatiwa na Ali Baba mwaka 1937 na Alaadini mwaka 1939. Zote tatu zimetoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo pwani hii ilizijua kabla ya umeme kufika.

Hapo ilinibidi nisimamishe filamu nimuelekeze mtoto jambo. Sindibadi wa Fleischer ni jitu jeuri la kupigwa. Sindibadi wa hadithi zetu ni mfanyabiashara wa Baghdad aliyesafiri safari saba, akapata na akapoteza, na kila akirudi alishukuru. Katuni nyingi za zamani zina kasoro ya namna hiyo, na nyingine ni mbaya zaidi. Zipo zinazowachora watu weusi kwa dharau ambayo sitaki mtoto wetu aimeze huku anacheka. Sisemi tuwafungie. Nasema mzee mwenye kumpa mtoto katuni ya kale akae naye, aitazame naye, amwambie hapa walikosea. Ukimwachia simu peke yake, umempa nazi bila kumvulia kifuu.

Nirudi kwa ndugu wawili. Mwaka 1937 wafanyakazi wao waligoma kwa muda wa miezi mitano wakidai mishahara na chama. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Miami. Disney alikuwa ametoa filamu ndefu ya Snow White, na Paramount, waliokuwa wakiwagharamia akina Fleischer, wakataka nao wawe na yao. Desemba 1939 ikatoka Safari za Gulliver. Mwaka 1941 wakaanza katuni za Superman. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wakatoa filamu ndefu ya pili, kuhusu wadudu wanaotafuta makao, mwezi ule ule ambao Pearl Harbor ilishambuliwa. Nayo haikurudisha gharama zake.

Lakini tatizo lilikuwa limeanza ndani kabla ya hapo. Max na Dave walikuwa wameacha kuzungumza. Wanakaa jengo moja, kampuni moja, jina moja mlangoni, na wakitaka kuambiana jambo la kazi wanaandikiana karatasi. Mwishoni mwa mwaka 1941 Dave akaondoka. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Max naye akatoka, Paramount wakaichukua kampuni na kuibadilisha jina. Deni lilikuwepo, vita vilikuwepo, yote kweli. Lakini ndugu wakiwa wameshikana, mwenye kudai hupata watu wawili wa kukabiliana nao. Waliotengana huchukuliwa mmoja mmoja.

Hawakutengeneza tena filamu pamoja. Miaka ya hamsini Max aliishtaki Paramount kwa kuondolewa jina lake kwenye kazi zake, na hakushinda. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ya wazee wa sinema huko California, akafariki Septemba 1972 akiwa na miaka 89. Dave alimfuata mwaka 1979. Na wakati huo wote watoto wa dunia nzima, na sisi tuliokuja baadaye kwenye mkeka ule tukiwemo, tulikuwa tukicheka kwa kazi ya mikono yao.

Nilipofika hapo mtoto akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza waligombania nini. Nikamjibu kwamba palikuwa na mambo ya pesa na mambo ya nyumbani, na kila mmoja alijiona ana haki. Akafikiri, akaniuliza kama ni hivyo hivyo baina yangu na babake.

Msomaji wangu, sikuwa na jibu. Mimi na kaka yangu tuna mwaka wa pili sasa hatuzungumzi ila salamu za matanga. Ni habari ya nyumba aliyotuachia marehemu baba. Sitaieleza hapa, maana nikiieleza nitajipa haki mimi, na yeye hana safu kwenye ukurasa huu. Tukiwa na neno la hiyo nyumba, tunalipitisha kwa mama, naye ana miaka zaidi ya sabini. Karatasi za akina Fleischer angalau hazikuwa na miguu ya kuuma.

Nilikuwa nikidhani watoto hawaoni. Nilidhani ninampa mtoto katuni ya kale ili ajue tulichekea nini. Kumbe mtoto hurithi yote, kicheko na nuna, na hachagui kimoja akaacha kingine. Mafunzo ya dini kuhusu kuunga udugu nimeyasikia tangu chuoni, na wengine nimewahi kuwahubiria. Ikabidi baharia mla spinachi anikumbushe.

Asubuhi yake nilimpigia simu kaka yangu. Sikuitaja nyumba. Nilimwambia mwanawe anaipenda ile katuni ya Sindibadi, na kama ana nafasi Ijumaa baada ya Magharibi, aje tuitazame. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni ile yenye jitu la vichwa viwili. Nikamwambia ndiyo hiyo.

Alikuja. Mama alipika mahamri na mbaazi. Mambo ya nyumba bado yako palepale na yatahitaji wazee wa kukaa nayo. Lakini usiku ule tulikaa mkeka mmoja, mtoto katikati, na jitu lilipotokea tulicheka wote watatu kwa wakati mmoja.