Kadhi Aliyekipa Cheo Chake Uzito

Huwauliza wanafunzi wangu tofauti ya hakimu, kadhi na liwali. Wengi hujibu kwamba hayo ni majina ya wakubwa wa zamani, basi. Jibu hilo lina hasara. Mwaka 2010, Wakenya walipokuwa wakijiandaa kuipigia kura Katiba, mahakama za kadhi zilizusha mabishano makali. Na hata huku kwetu Mghange, katika milima ya Taita, watu walizozana juu ya neno ambalo wachache walijua asili yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Katika Kiarabu, hakim yenye irabu ya kwanza ndefu ni mtawala au mwamuzi. Yenye irabu ya pili ndefu ni mwenye hekima, na pia mganga. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa urefu huo wa irabu. Kwetu hakimu amebaki mahakamani, na mgonjwa akapelekwa kwa tabibu. Liwali ni wali, yaani gavana, aliyekuja na kiambishi chake cha Kiarabu. Kadhi ni mwenye kukata shauri kwa sheria ya Kiislamu.

Nchini Kenya, historia ya vyeo hivi inaonekana wazi katika maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake ulitoa maliwali walioutawala mji huo hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipowaondoa. Baba yake, mwanachuoni, alifariki Al-Amin akiwa mtoto mdogo. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Baadaye alisoma kwa mashekhe wa Unguja, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumayt. Hivyo uliwali aliurithi kama kumbukumbu tu, lakini elimu aliihangaikia mwenyewe.

Jambo ninalotaka lizingatiwe ni kwamba Sheikh Al-Amin aliifanya kazi ya uongozi kabla ya kupewa cheo. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwahimiza Waislamu wa Pwani watafute elimu ya dini na ya dunia, akakemea mila alizoziona hazina msingi katika dini, na akaonya dhidi ya kuwaiga Wazungu bila kupima. Kwa kuandika Kiswahili, aliyatoa mambo ya wanavyuoni na kuyafikisha kwa watu wa kawaida.

Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushika hadi kifo chake mwaka 1947. Ulikuwa wadhifa wenye mipaka. Mkataba wa mwaka 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza uliacha ukadhi uendelee katika ukanda wa Pwani, lakini amri kuu ilikuwa mikononi mwa wakoloni. Watu walimheshimu kwa elimu na kalamu yake. Muhuri wa serikali ulikuja baadaye.

Walimu wenzangu, tunapofundisha msamiati wa vyeo, tufundishe pia kazi na mipaka ya kila cheo. Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 inamwachia kadhi hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Asiyekuwa Mwislamu, awe Mombasa au huku milimani, hana la kuhofia katika maneno hayo. Laiti wengi wetu tungalijua hivyo mapema, mabishano ya mwaka ule yangalipungua sana.