Mtakatifu Fransisko wa Assisi na Siku za Majilio

Kila mwaka siku za Majilio zinapoingia, Wakristo hutuuliza kama siku hizi ni za huzuni au za furaha. Padre huvaa zambarau kama siku za Kwaresima, wala Utukufu hauimbwi Dominika. Lakini Aleluya huimbwa, nayo Dominika ya tatu huitwa Dominika ya furaha. Basi, na tutazame maisha ya Mtakatifu Fransisko, tupate jibu.

Fransisko alizaliwa Assisi, katika nchi ya Italia, yapata mwaka 1182. Baba yake, Pietro Bernardone, alikuwa tajiri mwenye kufanya biashara ya nguo. Naye kijana alipenda karamu, nyimbo na mavazi mazuri. Akaenda vitani kupigana na watu wa Perugia, akashikwa, akafungwa yapata mwaka mzima. Baadaye Mungu akamgeuza moyo. Mwaka 1206, mbele ya Askofu, alimrudishia baba yake fedha, hata na nguo alizozivaa. Wenziwe wa kwanza walipoulizwa habari zao, walijibu ya kuwa wao ni watu wa toba kutoka Assisi. Lakini Fransisko, ingawa mtu wa toba, alikwenda njiani akiimba.

Katika Kanuni iliyothibitishwa na Papa Honorius III tarehe 29 Novemba 1223, aliwaagiza ndugu zake wafunge tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote hata Noeli. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa mara nyingi. Mwaka mmoja, katika mfungo huo, ndugu walimpikia chakula kwa mafuta ya nguruwe, kwa sababu mafuta ya zeituni yalimdhuru. Noeli ilipokaribia, watu wengi wakakusanyika Poggio Bustone wamsikilize. Fransisko akaanza kwa kuungama mbele ya wote: wao wamemdhania mtakatifu, kumbe yeye amekula mafuta siku zote za mfungo. Alikuwa na udhuru wa haki, wala hakuna aliyemshitaki. Lakini hakutaka kusifiwa kwa kufunga asikokufunga.

Mwaka ule ule wa 1223, siku kama kumi na tano kabla ya Noeli, alimwita rafiki yake Giovanni, bwana mkubwa wa Greccio, akamwomba atengeneze hori, alete majani makavu, na ng'ombe na punda. Alitamani kuona kwa macho taabu aliyoipata Mtoto Yesu alipokosa mahali pa kulala. Usiku wa Noeli watu wakaja na mienge na mishumaa, na msitu ukajaa nyimbo. Misa ikasomwa juu ya hori. Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili, akahubiri habari za Mfalme maskini, akilia kwa mapenzi na kufurahi pamoja.

Siku ya Noeli alitaka matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe majani, na ndege wamwagiwe nafaka njiani. Hata Noeli ilipoangukia Ijumaa, hakukubali iwe siku ya kujinyima nyama.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, na mwaka 1228 Papa Gregorius IX akamtangaza kuwa Mtakatifu.

Walimu wenzetu, na ninyi nyote wa parokia zetu, katika jubilei hii tunamshukuru Mungu kwa vigango, shule na makanisa yetu. Kushukuru ni vema. Lakini tuungame pia tulipojipatia sifa tusizostahili: mwalimu aliyefundisha sala naye mwenyewe hasali, Mkristo asiyesema na jirani yake naye hukaa mbele kanisani. Majilio yajayo, kabla hatujalipamba hori, twende kwanza kuungama, tupatane na jirani, tumwekee maskini sehemu ya chakula chetu. Ndipo usiku wa Noeli tutaimba kwa moyo mweupe, kama walivyoimba watu wa Greccio.