Maulid Dilunga: ‘Mexico’ aliyewaachia mashabiki ubishi usiokwisha

KATIKA vijiwe vya kahawa vya Kinondoni na Mwananyamala, na upande wa pili wa jiji hadi Keko, Temeke na Tandika, ubishi wa Simba na Yanga una kanuni zake ambazo hazikuandikwa popote. Kijana huanza na mechi ya juzi: kocha alikosea kumtoa fulani, mwamuzi aliwabeba wapinzani, mshambuliaji mpya halingani na fedha alizolipwa. Mzee husubiri. Mambo yanapopamba moto, huweka kikombe chini na kurudi nyuma hadi Juni 1, 1968. Hapo ndipo jina la Maulid Dilunga hutajwa.

Dilunga, ambaye alikwisha kuaga dunia miaka mingi iliyopita, ni miongoni mwa wanasoka wachache wa kizazi cha miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ambao majina yao bado yanatajwa na watu ambao hawakuzaliwa wakati wao wakicheza. Mashabiki wa Yanga walimjua zaidi kwa jina la Mexico, na kisa cha jina hilo ni sehemu muhimu ya maisha yake ya kandanda. Lakini kabla ya Mexico kulikuwa na mabao matano.

Siku hiyo ya Juni 1968, Yanga iliichapa Sunderland, klabu ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuwa Simba, kwa mabao 5-0. Dilunga alifunga mawili, la kwanza katika dakika ya 18 na la pili dakika ya 43, kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Salehe Zimbwe naye akapachika mawili, na Kitwana Manara akafunga moja. Hadi hapo mahasimu hao wawili walikuwa wamezoea kufungana kwa tofauti ndogo: bao moja mwaka 1965, matatu kwa mawili mwaka 1966, na bao moja la Manara miezi miwili tu kabla ya kipigo hicho. Matano kwa bila kilikuwa kitu kingine kabisa.

Uzito wa ushindi huo unaeleweka zaidi mtu akiitazama ligi yenyewe. Ligi ya Taifa ilianza mwaka 1965, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa Sunderland, ambao walilitetea taji lao mwaka 1966. Mwaka 1967 ubingwa ulikwenda kwa Cosmopolitan, nayo ya Dar es Salaam. Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, mwaka mmoja kabla ya mtani wake, ilikuwa bado inatazama kwa mbali. Kizazi cha Dilunga ndicho kilichoibadilisha hali hiyo. Kuanzia mwaka 1968 Yanga ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, hadi mwaka 1972.

Ndani ya mataji hayo matano, hata hivyo, mlikuwa na jambo ambalo upande wa Msimbazi haujaacha kulisema. Machi 3, 1969, timu hizo zilipotakiwa kukutana tena, Sunderland iligoma kucheza na Yanga ikapewa ushindi wa mezani. Kwa shabiki wa Yanga, timu isiyoingia uwanjani imekiri kushindwa, hasa ikiwa miezi tisa nyuma yake ililala kwa mabao matano. Kwa shabiki wa Simba, pointi zisizotoka jasho haziwezi kuhesabiwa sawa na za uwanjani. Wote wawili wana hoja. Aliyepoteza zaidi, kwa haki, ni mchezaji: Dilunga na wenzake walinyimwa nafasi ya kuthibitisha kwa miguu yao kama yale matano yalikuwa bahati au kiwango.

Mwaka huo huo wa 1969 ulileta uamuzi mwingine wa nje ya uwanja, na huu ulikuwa mchungu zaidi. Yanga ilifika robo fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kukutana na Asante Kotoko ya Kumasi, Ghana. Ghana ilikwisha kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara mbili, mwaka 1963 na 1965, na Kotoko yenyewe ilikuwa imefika fainali ya klabu bingwa mwaka 1967. Tanzania haikuwa na historia yoyote ya kulinganishwa na hiyo. Hata hivyo mechi ya kwanza ilimalizika kwa sare ya bao 1-1, na ya marudiano nayo ikawa sare ya 1-1.

Leo timu zingepiga penalti. Wakati ule utaratibu huo haukuwapo. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka iliupitisha mwaka 1970. Kabla ya hapo, timu zilizolingana kila kitu ziliamuliwa kwa mechi ya tatu au kwa bahati nasibu. Hata Ulaya ilikuwa hivyo: siku nne tu baada ya yale mabao matano ya Dar es Salaam, Italia iliitoa Urusi ya Kisovyeti katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya mjini Naples kwa kurusha sarafu. Kwa Yanga na Kotoko ilipigwa kura. Kura ikaiangukia Kotoko.

Ni vigumu kwa mtu aliyekulia katika zama za penalti na marudio ya televisheni kuelewa maana ya kutolewa kwa namna hiyo. Hakuna aliyekosa mkwaju, wala kipa wa kulaumiwa, wala kocha aliyepanga vibaya. Ubishi unakosa pa kushika, na pengine ndiyo maana haujaisha. Wapo wanaosisitiza kuwa mechi ya tatu katika nchi isiyofungamana na upande wowote ingekuwa ya haki. Wapo wanaojibu kuwa safari ya tatu ingezimaliza fedha za vyama na miguu ya wachezaji. Kotoko wenyewe walikuwa na jeraha la aina hiyo. Mwaka 1967, baada ya sare mbili na TP Englebert ya Congo katika fainali, iliamuliwa ichezwe mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, na kombe likakabidhiwa kwa Wakongo.

Kotoko waliishia nusu fainali mwaka huo wa 1969 mikononi mwa Ismaily ya Misri, ambao ndio waliotwaa ubingwa. Mwaka 1970 ratiba ikawakutanisha tena Yanga na Kotoko, tena katika robo fainali. Safari hii hapakuwa na kura. Kotoko walishinda na kusonga mbele hadi kulichukua kombe lenyewe. Mashabiki wa Yanga hupenda kukumbusha kwamba timu yao ilizuiwa mara mbili na klabu iliyokuja kuwa bingwa wa bara zima. Wa Simba hukumbusha kwamba kuzuiwa ni kuzuiwa.

Dilunga alikuwa akicheza soka ya ridhaa. Hii ni hoja ambayo vijana wa sasa, waliozoea kusikia ada za usajili zikitajwa kwa mamilioni, huipita haraka. Wachezaji wengi wa zama zake walitegemea ajira za viwandani, bandarini na katika mashirika ya umma, na mpira waliucheza jioni baada ya kazi. Klabu ilimlipa nyota wake kwa posho ndogo, kwa chakula cha kambini na kwa heshima ya mtaani. Kwa hiyo swali la thamani ya mchezaji halikujibiwa kwa fedha. Lilijibiwa kwa kuchaguliwa: nani ameitwa Taifa Stars, nani ameachwa, na kwa nini.

Na hapo ndipo jina la Mexico linapoingia. Mwaka 1973 ulianza kwa Michezo ya Afrika mjini Lagos, ile ambayo Filbert Bayi alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mbio za meta 1,500. Mwaka huo huo iliundwa timu ya pamoja ya bara la Afrika kwa ziara ya nchini Mexico, nchi ambayo miaka mitatu nyuma iliandaa fainali za Kombe la Dunia. Watanzania wawili walipata nafasi katika kikosi hicho: kipa Omari Mahadhi na Maulid Dilunga.

Ili kuupima uteuzi huo, ni vyema kukumbuka kuwa Taifa Stars haikuwa imewahi kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika, na haikufuzu hadi mwaka 1980, fainali zilipofanyika Nigeria. Dilunga hakuwa na jukwaa kubwa la kujitangaza. Hakukuwa na televisheni Tanzania Bara, na mechi za klabu zilisikika redioni tu. Mchezaji wa Dar es Salaam aliyetaka kuonekana na wateuzi wa bara alikuwa na dakika chache mno za kufanya hivyo. Wawili walionekana. Aliporudi, wana Jangwani hawakumwita tena Dilunga peke yake. Jina la nchi aliyokwenda likawa lake hadi kaburini.

Mwaka huo wa sifa kwake ndio huo huo uliokuwa mwisho wa utawala wa Yanga. Juni 23, 1973, Haidari Abeid ‘Muchacho’ aliifungia Simba bao pekee la mechi ya watani, na ubingwa ukahamia Msimbazi. Yanga iliurudisha mwaka 1974 kwa mechi ambayo nayo imezaa ubishi wake. Watani walipelekwa kuuamulia ubingwa mbali kabisa na mashabiki wao wa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Agosti 10. Adam Sabu aliipatia Simba bao la mapema, Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika tatu, na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Simba hiyo hiyo, mwaka huo huo, ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, baada ya kila timu kushinda 1-0 nyumbani kwake. Penalti zilikuwa zimekuja kuondoa udhalimu wa kura. Msimbazi hawakuona tofauti kubwa.

Baada ya hapo mambo ya Jangwani yaliharibika. Mgogoro wa mwaka 1976 uliigawa Yanga na kuzaa Pan African, na nyota kadhaa waliokuwa uti wa mgongo wa klabu wakaondoka. Maamuzi ya viongozi yaliifanya timu iliyotisha katikati ya muongo iwe ya kujijenga upya. Gharama yake ilionekana Julai 19, 1977, Simba ilipolipa kisasi kwa mabao 6-0, matatu yakifungwa na Abdallah Kibadeni. Rekodi ya mwaka 1968 ikavunjwa, na bao moja zaidi likawa silaha ya Msimbazi katika kila kijiwe.

Kuanzia hapo mabao mawili ya Dilunga yalibadilika maana. Hayakuwa tena sehemu ya kipigo kikubwa kuliko vyote, bali ushahidi unaotolewa dhidi ya ushahidi mwingine. Mashabiki wa Yanga husema matano ya 1968 yalifungwa timu mbili zikiwa kamili, ilhali sita za 1977 zilifungwa nyumba iliyokwisha kubomoka. Mashabiki wa Simba husema ubao wa matokeo hauulizi nani alihama. Mei 6, 2012, Simba ilipoifunga Yanga 5-0, kuna wazee wa Msimbazi waliotamka kuwa deni la miaka 44 limelipwa kwa hesabu ile ile. Novemba 5, 2023, Yanga ikashinda 5-1, na hesabu ikafunguliwa upya.

Lipo jambo la kusikitisha katika habari hizi. Mengi ya aliyoyafanya Dilunga uwanjani hayakupigwa picha za video, na takwimu za ligi za miaka ile hazikutunzwa kwa ukamilifu. Kijana wa Mbagala anaweza kuhesabu pasi za kiungo anayempenda kwa msimu mzima; kuhusu Mexico atapata tarehe chache, dakika mbili za mabao na masimulizi. Ndiyo maana wazee, wanapotaka kueleza alivyokuwa anaugusa mpira, huacha maneno, wakainuka kwenye benchi na kuonyesha kwa mguu.