Mfahamu Lyudmila Pakhomova, Manzi wa Moscow Aliyedansi Kwa Barafu Hadi Akabeba Dhahabu

Ukisikia barafu unawaza soda baridi, sivyo? Basi tulia nikupe stori ya manzi aliyeigeuza barafu kuwa ukumbi wa densi.

Lyudmila Pakhomova alizaliwa Moscow tarehe 31 Desemba 1946. Enzi zake, densi ya barafuni ilikuwa mali ya Waingereza. Walicheza kwa adabu, mgongo wima, hisia kidogo sana. Yeye alikuja na moto. Uso, mikono, mwili wote ulikuwa unaongea.

Kufikia 1966 tayari alikuwa bingwa wa Muungano wa Kisovieti pamoja na Viktor Ryzhkin. Halafu wakaachana kimchezo. Unajua alimchukua nani? Aleksandr Gorshkov, kijana ambaye hakuwa na jina lolote kubwa. Wasee wengi waliona amejimaliza. Lakini wakiwa na kocha Elena Chaikovskaya, walipiga tizi bila kuchoka. Mwaka wa 1970 wakawa mabingwa wa dunia, na mwaka huo huo wakafunga ndoa. Taji hilo hawakuliachia mtu hadi 1974.

Sasa cheki maisha yalivyo. Mapema 1975 wametoka tu kushinda ubingwa wa Ulaya, Gorshkov akaugua mapafu na kufanyiwa upasuaji. Mashindano ya dunia ya mwaka huo yakawapita. Msee aliyepasuliwa kifua arudi kudansi tena? Alirudi. Februari 1976, Innsbruck nchini Austria, mchezo huo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa. Dhahabu ya kwanza katika historia ikaenda kwao. Wakaongeza taji la sita la dunia, kisha wakastaafu wakiwa juu.

Wengine wangekaa wakihesabu medali. Pakhomova akawa kocha. 1977 akapata binti, na miaka michache baadaye kansa ikabisha hodi. Je, aliacha kazi? Wapi! Aliendelea kunoa vijana huku akitibiwa. Wanafunzi wake, Tatiana Gladkova na Igor Shpilband, walishinda ubingwa wa dunia wa chipukizi wa msimu wa 1983.

Alifariki tarehe 17 Mei 1986, akiwa na miaka 39 tu.

Lakini usidhani stori inaishia kaburini. Shpilband alihamia Marekani, akawa kocha, na mwaka wa 2010 alikuwa miongoni mwa waliowanoa Wakanada Tessa Virtue na Scott Moir waliposhinda dhahabu ya Olimpiki kule Vancouver. Tango Romantica, densi ambayo Pakhomova aliibuni na mumewe pamoja na Chaikovskaya, ilifunzwa kwa wachezaji wengi waliowafuata.

Kwa hivyo wewe unayechekwa kwa sababu ya mtu uliyeamua kujenga naye, kumbuka Gorshkov pia walimdharau. Na kile unachokijua, ushamfunza nani?